Siku Tatu Tulizomsubiri Bibi Sabina

Niliondoka nyumbani Singida kwa sababu ya simu moja, na kwa sababu nyingine ambayo naona haya kuisema: nilikuwa nimechoka kukaa. Mwalimu akishastaafu anabaki kuwagombeza kuku na wajukuu, na wote hawamsikilizi. Basi mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi yuko Arusha kwenye shirika moja la kimataifa, aliponiuliza kama Kiiraqw changu bado kipo, nilimjibu kwamba nimezaliwa Dongobesh, dukani kwa marehemu baba, na lugha hiyo niliianza kabla ya Kiswahili. Akacheka. "Basi mwalimu, jiandae," akasema. "Tuna wageni kutoka Sudan Kusini."

Kazi ya shirika lile ni kuzisaidia nchi zilizotoka vitani zirudi kujiongoza zenyewe, kuanzia serikali kuu hadi kijijini. Wageni wenyewe walikuwa wawili, wanatoka jimbo moja lakini jamii mbili za wafugaji. Makabila yao waliniomba nisiyataje, na sitayataja. Kati ya jamii hizo kuna bonde la malisho ambalo halikauki kiangazi chote. Kila mvua zinapokatika mifugo ya pande zote mbili inashuka bondeni, na kwa miaka kadhaa, kila iliposhuka, watu walizikwa. Vita vya nchi vilikwisha kwenye karatasi. Vya bonde viliendelea.

Shirika liliona kuliko kuwaweka hotelini wasomewe mada, ni heri wakae na watu wa Hanang na Mbulu, ambako Wabarbaig, Wairaqw, Wahadzabe na sisi watoto wa wafanyabiashara wa kuja tunagawana nchi moja kwa lugha ambazo hazina undugu wowote. Mimi nilifundisha somo la uraia miaka thelathini na miwili. Nilijiona nimeitwa kwenye kitu ninachokijua kama kiganja changu.

Jumatatu saa mbili asubuhi niliteremka kwenye basi Katesh. Mlima Hanang ulikuwa umejifunika wingu hadi mabegani na baridi yake ilikuwa imeshuka hadi stendi. Gari la shirika lilikuwa linanisubiri mbele ya mgahawa, na dereva wake, Tluway, kijana mkubwa wa Kiiraqw mwenye maneno mengi, alinipokea begi na shikamoo mbili, moja yangu na moja ya kumpelekea mume wangu.

Ndani ya mgahawa nikawakuta wenzangu wa safari. Bwana Simon ni mrefu, wa miaka hamsini hivi, mtumishi wa serikali ya jimbo, amevaa koti la suti na vumbi lote lile. Mama Rebeka ni mjane, kiongozi wa akina mama kanisani kwao, mwembamba, macho makali. Wa tatu alikuwa Maya, ofisa wa shirika, mwanamke mfupi kutoka Nepal ambaye nchi yake nayo ilipigana yenyewe kwa yenyewe wakati yeye akiwa binti. Maya nilizungumza naye Kiingereza. Wale wawili walikuwa wamewahi kuwa wakimbizi, Rebeka Kenya na Simon Uganda, na wote walitoka huko na Kiswahili cha kambini, kimejaa makosa lakini kinafika.

Niliona mara moja kwamba Simon na Rebeka hawasemeshani. Simon alikaa meza ya mlangoni, Rebeka ya ndani kabisa, na Maya katikati akiwamiminia chai kwa zamu. Nikaenda kwa Rebeka, maana mimi kuuliza sijawahi kuona aibu.

"Mama, ugomvi wenu uko wapi hasa?"

"Kulikuwa na mkutano mkubwa," akasema. "Walisema ng'ombe zao zitapita njia moja, zetu njia ingine, halafu bonde tutatumia pamoja. Wakapiga kura. Wao ni wengi. Wakashinda."

"Na wewe?"

"Mimi nilikataa. Wakaandika kwa karatasi, mmoja amekataa." Alizungusha kikombe. "Sasa watu wangu wanasema kama Rebeka hajakubali, hakuna mapatano. Na mvua inaisha mwezi ujao. Mtoto wangu Yohana ako na ng'ombe. Atashuka nazo. Ni huyo tu Mungu amenibakishia."

Sikuuliza zaidi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshamhukumu moyoni. Nilijisemea, mama huyu ameshindwa kwa kura halali na anaiweka roho ya mwanawe rehani kwa ukaidi. Nayaandika haya kwa fedheha, lakini ndivyo nilivyowaza.

Saa tano tulifika Endasak, kwenye miteremko ya mlima, mahindi yamekomaa na maharage yameanikwa uani kila nyumba. Tulipokelewa na Mama Udamwesha, Mbarbaig aliyeolewa na mkulima, mwanamke wa makamo mwenye bangili za shaba hadi kwenye viwiko. Alitupa maziwa ya mgando kwenye vibuyu vilivyofukizwa moshi. Simon alikunywa, akafumba macho, akasema haya ndiyo maziwa ya kwao. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu.

Mchana Mama Udamwesha alitusindikiza kwenda nyandani kuonana na ndugu zake. Hatukufika. Njiani tuliona msafara wa wanawake kama arobaini hivi, wamevaa sketi za ngozi, kila mmoja na fimbo mkononi, wanatembea haraka wakiimba wimbo usio na furaha. Tluway alitoa gari njiani, akazima injini, akavua kofia.

"Wanaenda wapi?" Simon akauliza.

"Kwa mwanaume," Tluway akajibu kwa sauti ya chini. "Kuna mmoja amemkosea mke wake."

"Na wanaume wenyewe wako wapi?"

"Wamejificha, mheshimiwa. Na mimi ningekuwa nimejificha kama isingekuwa hili gari."

Mama Udamwesha akaeleza kwamba huo ni mkutano wa wanawake, wa tangu enzi za bibi zake. Mwanaume akimdhulumu mwanamke, hasa mjamzito au aliyetoka kujifungua, wanawake wanaketi peke yao, wanamhukumu, na anatoa faini ya dume la ng'ombe. Hakuna mwanaume anayesogea pale, hata awe na ng'ombe elfu.

"Na akikataa kulipa?" Simon akauliza.

"Akatae?" Mama Udamwesha akamtazama kwa huruma. "Atapikiwa na nani? Hata mama yake yumo kwenye msafara."

Tulicheka wote, isipokuwa Rebeka. Yeye aliwatazama wale wanawake hadi vumbi lao likatua, akafungua daftari, akaandika kwa muda mrefu.

Jioni tulipanda ukingo wa bonde la ufa kupitia Dareda. Dongobesh niliomba tusimame dakika tano tu. Duka la baba sasa linauza simu na chaja. Mzee mmoja wa Kiiraqw aliyekuwa akipita alinisalimia kwa Kiiraqw, "Saita!" na nilipomwitikia akanitazama vizuri, akataja jina la baba yangu. Nilimwamkia kwa heshima zote, na nilipoingia garini pua ilikuwa imeniziba. Tulilala Mbulu mjini, chini ya blanketi mbili kila mmoja.

Jumanne asubuhi tulianza kushuka Yaeda Chini. Mbulu tuliiacha na ukungu na miti ya mikaratusi, na kila kona tuliyokata ilitutoa nguo moja: kwanza koti, halafu sweta, halafu khanga ya pili. Chini kule njia si njia, ni mapatano kati ya dereva na mawe. Tluway alinyamaza kabisa, na Tluway akinyamaza ujue hali ni mbaya. Tulifika saa nne na nusu, meno yetu yote yakiwa mahali pake.

Ratiba ya Maya ilisema: saa nne hadi saa sita, kushuhudia kikao cha matumizi ya ardhi, saa saba, chakula, saa nane, kurudi Mbulu. Alikuwa ameichapa vizuri kabisa na kila mtu alikuwa na nakala yake.

Kikao kilikuwa kwenye mwamba bapa nje kidogo ya kijiji. Walikuwapo wafugaji wa Kibarbaig, wakulima wachache wa Kiiraqw waliotoka juu, na Wahadzabe kama kumi, wanaume na pinde zao, wanawake na vijiti vyao vya kuchimbia. Kiswahili ndicho kilikuwa katikati, kila mmoja akikitamka kwa ulimi wa nyumbani kwake. Mwenyekiti alikuwa Mzee Gidahoda, mfugaji mwenye masikio yaliyotogwa na sauti ya pole. Jambo lenyewe halikuwa gumu: kiangazi kimeanza vibaya, nyanda zimekauka mapema, wafugaji wanaomba eneo la nyasi lililotengwa na kufungwa hadi mwisho wa kiangazi lifunguliwe kabla ya wakati wake.

Wafugaji walisema ndiyo. Wakulima walisema ndiyo. Wahadzabe mmoja mmoja wakasema haya, sawa. Ikafika zamu ya mwanamke mmoja mzee wa Kihadzabe, mdogo wa umbo, aliyekaa pembeni akinoa kijiti chake kwa kisu. Jina lake Bibi Sabina.

"Hapana," akasema, akaendelea kunoa.

Nilingoja aeleze. Hakueleza. Nilingoja mwenyekiti amuulize. Hakumuuliza. Watu wakaanza kuzungumza habari za mvua, za mchumba wa fulani, za fisi aliyeonekana. Saa sita ikapita, saa nane ikapita. Mgongo wangu, ambao una umri kunizidi, ukaanza kulalamika.

Ndipo Simon alipoinuka. Alifunga vifungo vya koti, akaomba ruhusa, akasema kwa Kiswahili chake cha kambini: "Wazee, mimi nashukuru. Lakini huyu ni mmoja, na ninyi ni wengi. Pigeni kura, maneno yaishe."

Nami nilikuwa nikitikisa kichwa kukubali. Ndilo nililowafundisha watoto wa watu miaka yote ile.

Mzee Gidahoda hakukasirika. "Mgeni wetu, kura tunazijua," akasema. "Tunapiga ya mbunge, tunapiga ya mwenyekiti wa kijiji. Ya nyasi hatupigi."

"Kwa nini?"

"Mbunge akishindwa anarudi mjini kwake. Sabina akishindwa anarudi wapi? Kesho asubuhi niko naye kwenye maji yale yale."

"Basi muulize anakataa nini."

"Atasema akitaka kusema. Nikimuuliza sasa hivi, mbele ya wanaume wote hawa wenye ng'ombe, atanipa jibu la kunifukuza. Tutakuja kesho."

Wakainuka, wakaenda zao. Simon akabaki amesimama na vifungo vyake.

Tulirudi kwenye gari na pale ndipo nilipomheshimu Maya. Simon alimwambia kwamba muda unapotea, kwamba shirika lina nguvu ya kuwaharakisha watu hawa, neno moja tu kwa ofisi ya wilaya. Maya alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, na mimi nikatafsiri ili Rebeka naye asikie: "Kwetu baada ya vita walikuja wengi kutusaidia. Wengi walikuwa wema, lakini walikuwa na saa mkononi. Alikuwako mmoja aliyekaa uani kwa mama yangu wiki nzima, anamenya viazi, hadi mama akasema mwenyewe nani alimchukua kaka yangu. Mimi nafanya kazi hii kwa sababu ya yule." Akaikunja ratiba yake mara nne, akaitia mfukoni. "Mchele tunao. Tunakaa."

Nimesikia watu wengi wakiyasema mashirika ya nje kwa ubaya, na mimi nimo, ulimi wangu haujambo. Lakini mtu aliyetoka mbali namna ile, na bosi wake anamsubiri, akikubali kukaa chini na kunyamaza ili wenye nchi wamalize maneno yao, huo ndio msaada. Sijaona mwingine unaouzidi.

Jumatano kikao kilianza saa tatu. Tulikuwa tumelala kwenye darasa la shule, maana ilikuwa likizo, na akina mama wa kijiji walituletea maji na ugali. Bibi Sabina alikuja mapema, akaketi mahali pake. Mwenyekiti akasalimia, watu wakazungumza habari za kiwele cha ng'ombe. Kama saa tano hivi bibi akasema, bila kumtazama mtu, "Maji yetu yamekufa." Mzee Gidahoda akasema, "Tumesikia." Basi. Hayo ndiyo maneno yote ya siku ile. Simon alitembea peke yake jioni yote, mikono nyuma. Rebeka aliketi na Bibi Sabina, wakichambua mboga, na sijui walielewana kwa lugha gani.

Alhamisi asubuhi hapakuwa na kikao. Bibi Sabina alikuwa amesimama kando ya mwamba, akasema, "Twendeni." Watu wote wakamfuata, wazee, wakulima, wafugaji, na sisi wageni nyuma. Tulitembea kama saa moja na nusu kwenye jua, yeye mbele na kijiti chake, miguu myepesi utadhani msichana. Tuliingia eneo lile lililotengwa, tukazunguka kilima cha mawe, tukafika mahali palipokuwa na kisima cha kuchimbwa kwa mkono chini ya mwamba.

Kilikuwa kimebomoka. Kingo zote zimekanyagwa, ndani ni tope na samadi. Kuzunguka pale, sehemu ambayo wanawake wa Kihadzabe huchimba mizizi ya chakula, ardhi ilikuwa imepondwapondwa kwa kwato. Eneo lile lilikuwa bado limefungwa. Kuna aliyeingiza ng'ombe kwa kuiba.

Bibi Sabina alisogea kando ili tutazame. Alisimama tu.

Mzee Gidahoda alichuchumaa. Alizitazama zile nyayo, akasogea, akatazama nyingine, akaweka kidole ndani ya mmoja. Wafugaji wenzake walikuwa nyuma yake, nao wanasoma nyayo kama mimi ninavyosoma gazeti, lakini wote wakamwachia yeye. Kisha akainuka, na uso ulikuwa umembadilika.

"Huyu ni wangu," akasema. "Kwato ya nyuma ya kushoto imepasuka. Ni ng'ombe wa boma langu. Wanangu wameniambia walikuwa upande wa magharibi. Wamenidanganya, na mimi nimekaa siku mbili naongoza kikao hiki."

Aliivua blanketi yake begani, akashuka kisimani na miguu mitupu, akaanza kutoa tope kwa mikono. Mwenyekiti, mzee wa watu! Wenzake wakamfuata. Mkulima mmoja wa Kiiraqw akakimbia kutafuta jembe. Tluway naye aliingia na suruali yake ya kazi. Kufikia adhuhuri maji yalikuwa yanajikusanya upya, mekundu bado, lakini yanakuja.

Pale pale wakakubaliana. Ng'ombe watapita nyuma ya kilima, mbali na kisima na mahali pa kuchimbia. Boma la Gidahoda litajenga uzio wa miiba. Na eneo litafunguliwa siku ambayo Bibi Sabina ataona maji yametosha, si kabla. Yeye ndiye atakayekuwa mlinzi, na ng'ombe hawaingii hadi yeye amepita kukagua.

Simon alishindwa kujizuia. "Lakini huyu ndiye alikataa! Mnampa yeye ufunguo?"

"Ungempa nani?" Gidahoda akamuuliza, tope hadi kwenye magoti. "Mimi? Mimi nikiona majani mabichi nasahau kila kitu. Aliyebaki wa mwisho kukataa ndiye anayeliona kosa. Hapa kwetu tunampa yeye alilinde, basi. Safari ijayo ataliona kabla yetu."

Mzee mwingine akaomba baraka. Aliomba mvua, maziwa, asali na watoto, na kila alipovuta pumzi watu wote walimwitikia kwa mvumo mmoja wa kifuani. Wahadzabe wakagawa asali pamoja na masega yake. Mikono yetu wote ikanata, na nilifurahi mno, furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu nistaafu. Bibi Sabina alikaa kwenye jiwe akila asali taratibu. Nilipomwendea na shikamoo yangu alinijibu marahaba, kisha akaniuliza kama nyumbani kwetu kuna maji. Nikamwambia yapo ya bomba. Akanihurumia.

Alasiri tuliondoka kwa njia ya Masieda, na karibu na kijiji hicho tairi likapasuka. Tluway akaanza kazi, na mkulima mmoja, Mama Paskalina, akatuita uani kwake, akatupa makande ya moto na benchi moja. Benchi lilikuwa moja tu, kwa hiyo Simon na Rebeka walilazimika kuketi pamoja, na Maya na mimi tukakaa kwenye magunia mbele yao.

Simon hakula. Aliiweka sahani chini, akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu Katesh alimtazama yule mama usoni.

"Rebeka," akasema. "Wewe unakataa nini?"

Rebeka aliweka kijiko. "Mwaka wa pili huu," akasema. "Umekuja mkutano mara ngapi? Umeniita mkaidi mara ngapi? Hujauliza."

"Nauliza sasa."

"Hiyo njia mmechora ya ng'ombe zenu. Pale inapinda, kabla ya kufika maji. Pale ndio tulizika. Watoto wetu wote wa kiangazi kile, kile cha mauaji. Wangu wawili wako pale. Sasa nikubali ng'ombe elfu wapite juu ya watoto wangu, halafu niseme ni amani?"

Kuku walikuwa wanadonoa chini ya benchi na hakuna aliyewafukuza. Mimi machozi yalinitoka bila kuaga. Siku nne nilikuwa nimekaa kiti kimoja na mama huyu, nikimwona mkaidi.

Simon alichorachora vumbini kwa kijiti hadi Tluway akamaliza kufunga tairi na kuja, na Maya akampa dereva ishara asituharakishe. Hatimaye Simon akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo: "Ile kona niliichora mimi. Njia ilikuwa imenyooka. Ilikuwa inapita juu ya kaburi la kaka yangu na wenzake. Nikasema hapana, ipinde. Nilijua upande ule kuna makaburi yenu. Nilijua, Rebeka. Nikasema sisi ni wengi, itapita."

Rebeka hakupiga kelele. Alimgeukia, akasema, "Kaka yako aliitwa nani?" Simon akamtajia. Naye akamtajia majina ya wanawe wawili. Akalirudia la mdogo mara mbili, kwa sababu Simon hakulisikia vizuri mara ya kwanza na alitaka alisikie.

Tuliporudi garini, kiti cha mbele, kilichokuwa cha Simon tangu Katesh, kilibaki wazi, maana alikuwa amepanda nyuma na Rebeka. Nilikaa mimi.

Ijumaa tuliagana Katesh. Nimerudi nyumbani Singida na somo ambalo silioni kwenye daftari zangu zote za uraia. Niliwafundisha watoto kuhesabu mikono iliyoinuka, na hilo si baya, nchi haiwezi kuendeshwa bila hesabu hiyo. Lakini sikuwahi kuwafundisha waende kwa aliyeshusha mkono wake wamuulize ameona nini. Wabarbaig na Wahadzabe wa Yaeda, ambao wengine tunawasema kana kwamba dunia imewaacha nyuma, wanalijua hilo, na hawana haraka nalo. Na lile shirika nalisifu kwa kuwa na akili ya kumpeleka mtu mbali namna ile aende akajifunze kuuliza swali moja.

Wiki saba zilipita bila habari. Kila taarifa ya redio ikitaja nchi ile, niliacha kazi nikasikiliza. Kisha jana asubuhi, nikiwa jikoni, simu ikaleta sauti ya Rebeka. Nimeisikiliza mara nyingi mno, na nayaandika maneno yake kama alivyoyasema:

"Mwalimu, mvua imekatika. Ng'ombe zimeshuka, Yohana ameshuka nazo, na jana alinipigia, amekula, amelala vizuri. Simon alikuja kabla, na watu wake, na hawakubeba bunduki. Akaniambia, Mama, tembea wewe mbele, mahali utapita ndio njia. Mimi nikatembea. Wao nyuma wakachomeka miti. Nilizunguka makaburi yetu, halafu nikaenda nikazunguka ya kwao. Nilitembea polepole, mwalimu, kwa sababu ya magoti. Na hakuna mtu aliniharakisha."